Barua ya wazi kutoka Malindi: Kaka yangu mlimpa dawa yake, na binti yangu je?

Kwa Waziri wa Afya, Kamati ya Afya ya Bunge la Taifa, Bodi ya Famasia na Sumu, na wakuu wa afya wa Kaunti ya Kilifi.

Kuhusu: Dawa zitokanazo na bangi kwa wagonjwa wa kifafa sugu

Waheshimiwa,

Nawaandikia saa kumi za alfajiri, nikiwa sebuleni kwangu Shela, hapa Malindi. Binti yangu amelala kwenye mkeka miguuni pangu. Kitanda anacho, ila tuliacha kumlaza huko tangu alipoanguka akapasuka kidevu. Muadhini bado hajaadhini. Saa hizi ndizo zake. Kifafa humshika zaidi pale anapotoka usingizini, kwa hiyo nimezoea kuwa macho kabla ya jogoo, mkono mmoja ukiwa mgongoni mwake.

Ana miaka 9. Alianza na degedege akiwa na miezi 8. Mama mkwe wangu, Mgiriama wa Ganda, alisema ni nyama wa dzulu, yaani pepo wa juu anayewashika watoto. Upande wetu wakasema ni nyuni, pepo wa ndege. Tukafanya yaliyofanywa na wazee: kombe, hirizi, mafusho. Kisha tukaenda hospitali, na huko ndiko tuliko hadi leo. Amepewa fenobabitoni, akalala mchana kutwa na bado akaanguka. Akapewa kabamazepini. Akapewa valproeti, kisha mbili kwa pamoja. Kila dawa mpya ilitupa wiki mbili tatu za matumaini, halafu yakarudi yale yale. Daktari aliyemwona mara ya mwisho alitumia maneno mawili ambayo sikuyajua hapo awali: kifafa sugu.

Kila anapoanguka naandika. Tarehe, saa, dakika ngapi, alijikojolea au la, alilala muda gani baadaye. Hili ni daftari la tatu. Mwezi uliopita ameanguka mara 46. Kwenye mkono wake wa kushoto ana kovu la ukubwa wa kitumbua. Siku hiyo nilikuwa nakaanga mahamri, yeye amekaa kwenye kibao ananihesabia. Nikageuka kuchukua sinia. Niliposikia ile sauti anayoitoa, ambayo si kilio wala si mguno, mkono ulikuwa tayari umeingia kwenye karai. Alikuwa amefika mahamri ya kumi na nne. Hajapenda tena kuhesabu.

Najua kwamba watoto wengi wenye kifafa hupona au hutulia kwa dawa hizo hizo zilizomshinda wangu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangegunduliwa mapema na kupata dawa sahihi. Hapa kwetu Kilifi watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wamechunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, wakaonyesha jinsi uzazi wa shida na malaria kali vinavyoacha kifafa nyuma, na jinsi wagonjwa wengi wasivyopata hata kidonge cha bei rahisi. Hilo ni deni lenu la kwanza, na sitaki barua hii iwape mwanya wa kulisahau. Mwaka juzi vidonge vya binti yangu vilikosekana kwa wiki 3 katika zahanati tunayoitegemea, nikawa nanunua dukani kimoja kimoja kama peremende.

Lakini mimi naandika kwa ajili ya wale 30 waliobaki. Naandika kwa ajili ya mtoto aliyemeza kila kilichopo kabatini na bado anaanguka.

Kabla sijawaambia ninachokitaka, niwaambie habari ya kaka yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa ujasiri wa kuandika.

Kaka yangu alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka 11. Mtu wa Malindi hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Alikuwa fundi wa kuchonga milango, mkono wake umo katika nyumba kadhaa za mji wa kale, kisha akawa teja anayelala nyuma ya soko. Aliiba sufuria za mama. Aliiba mabati ya choo. Arosto ikimshika alikuwa akijikunja sakafuni na kutapika nyongo, na mama akimpa shilingi mia mbili akanunue kete, huku akilia, kwa kuwa hakuna mzazi awezaye kuangalia vile. Kanzu ya mazishi yake tulikuwa tumeshaizungumza.

Kisha mwaka 2015 kliniki ya methadoni ikafunguliwa hapa Malindi. Methadoni, waheshimiwa, ni dawa ya kulevya. Iko katika ukoo mmoja na heroini na mofini. Mtu asiyeizoea akiinywa kupita kiasi hulala akafa. Na serikali yetu, serikali hii hii, ilikubali kuiagiza, kuifungia kabatini kwa kufuli, kuipima kwa mililita na kumnywesha kaka yangu kila asubuhi ya Mungu. Nilimsindikiza miezi ya kwanza kwa sababu hakuna aliyemwamini kwenda peke yake. Foleni ilikuwa ya watu kimya. Anaitwa jina, anatambuliwa, muuguzi anamimina kwenye kikombe kidogo cha plastiki, kaka anakunywa palepale mbele yake, anaongezwa maji anayameza, halafu anatakiwa aseme neno ili ijulikane mdomoni hakubaki kitu. Kaka yangu kila siku alisema neno lile lile: «Ahsante, dada.» Muuguzi akaandika. Kesho tena.

Leo anachonga milango. Amemwozesha binti yake. Jumaa tunakula pamoja.

Wakati kliniki ile inaletwa, watu walipiga kelele. Msikitini, sokoni, kwenye vibaraza, tulisikia kwamba serikali inagawa madawa ya kulevya bure, kwamba vijana wote watakimbilia huko, kwamba ni haramu. Viongozi walisikiliza, wakafafanua, na wakafungua mlango hata hivyo. Mlifanya vyema. Nataka mjue kwamba kuna nyumba Malindi ambamo mnaombewa dua kwa kazi ile.

Sasa nisikilizeni.

Kuna dawa ya kifafa inayotengenezwa kutokana na mmea wa bangi. Kiini chake kinaitwa kanabidioli. Hakilevyi. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikichunguza na mwaka 2018 ikaeleza kwamba hakionyeshi dalili ya kumfanya mtu awe mraibu. Mwaka 2017 madaktari walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watoto na vijana 120 wenye kifafa kibaya kiitwacho Dravet. Waliopewa kanabidioli, idadi ya kati ya kuanguka kwao ilishuka kutoka takriban mara 12 kwa mwezi hadi takriban 6. Waliopewa kimiminika kisicho na dawa walibaki karibu pale pale, 14 na ushei. Juni 2018 wakala wa dawa wa Marekani akaidhinisha dawa hiyo, iitwayo Epidiolex, kwa aina mbili za kifafa cha utotoni kisichosikia dawa.

Si muujiza, na simwamini anayeniambia ni muujiza. Katika jaribio lile ni wachache mno walioacha kuanguka kabisa. Ina madhara: usingizi, kuharisha, na ini linahitaji kuangaliwa kwa vipimo vya damu, hasa kwa mtoto anayetumia valproeti kama wangu. Ndiyo maana nataka iwe mikononi mwa daktari. Kutoka mara 46 hadi mara 23, waheshimiwa, labda ninyi mtaona bado ni nyingi. Mimi naona mtoto anayekaa darasani hadi kengele ya saa sita.

Hivi sasa mzazi wa Malindi akitaka kitu hicho, mlango ulio wazi ni wa nyuma tu. Niliupitia. Naungama hapa hadharani, kwa kuwa sioni namna ya kuwaambia ukweli nikiuficha huu. Mwaka jana mtu aliniuzia kichupa chenye kidoto, mafuta ya rangi ya asali iliyoungua, shilingi 6,000. Hakina lebo. Hakina tarehe. Nilimuuliza mtoto wa kilo 22 anapewa matone mangapi, akasema, «Anza na matatu, mama, uone.» Nione nini? Nilikiweka chini ya mchele kwenye pipa kwa siku 3. Usiku nilikitoa, nikakifungua, nikanusa, nikakiinamisha juu ya kijiko hadi tone likaning'inia. Binti yangu alikuwa ameanguka mara mbili tangu magharibi. Sikumpa. Sikujua ndani mna nini: kanabidioli, au kile kiini kingine kinacholevya, au mafuta ya gari. Na kama angezidiwa ningesema nini hospitalini? Sheria ya madawa ya kulevya ya 1994 ilipotungwa iliweka kifungo cha hata miaka 10 kwa anayepatikana na bangi ya kutumia mwenyewe. Imefanyiwa marekebisho tangu hapo, lakini mama aliyebeba chupa ya mafuta kwenye mkoba bado ni mhalifu. Nani angekaa naye alfajiri kama ningefungwa? Nilikimwaga chooni. Mkono ulinitetemeka hadi nikavunja kioo.

Tangu usiku ule nilianza kusoma, kwa simu, kidogo kidogo, nikitafuta kama kuna mama mwingine duniani aliyewahi kusimama mahali niliposimama. Nikampata Hannah Deacon wa Uingereza. Mwanawe Alfie alikuwa na kifafa cha nadra kilichoweza kumwangusha hadi mara 150 kwa wiki, akilazwa hospitali na kupigwa sindano nzito za steroidi ambazo mama aliogopa zitamuua kabla ya ugonjwa. Septemba 2017 akamchukua mtoto wakahamia Uholanzi, ambako daktari angeweza kumwandikia mafuta ya bangi kwa halali. Mishtuko ikapungua sana. Lakini mtu hawezi kuishi ugenini maisha yote. Akarudi kwao akiwa hana dawa, akaanza kubisha. Mwaka 2018, mtoto akiwa na miaka 6, alipeleka ombi lenye saini za maelfu ya watu nyumbani kwa Waziri Mkuu, akakaa naye ana kwa ana, akaahidiwa, akasubiri, akarudi tena. Juni mwaka huo mama mwingine, Charlotte Caldwell, alinyang'anywa mafuta ya mwanawe Billy uwanja wa ndege wa Heathrow akitoka Kanada. Mtoto akazidiwa, akalazwa, na serikali ikalazimika kuirudisha dawa kwa leseni ya dharura. Siku chache baadaye Alfie naye akapewa leseni yake. Tarehe 1 Novemba 2018 sheria ya Uingereza ikabadilika, na daktari bingwa akaruhusiwa kuandika dawa ya bangi.

Mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa, serikali kubwa kama ile. Nilisoma habari yake mara nne.

Na kabla yao alikuwepo mtu ambaye nadhani ndiye baba wa jambo hili lote. Anaitwa Robert Randall, wa Washington. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoambiwa ana glakoma, ile presha ya jicho, na kwamba baada ya miaka michache hataona. Dawa za macho za wakati ule zilimshinda. Akagundua mwenyewe kwamba akivuta bangi, zile duara za mwanga alizokuwa akiziona kuzunguka taa zinapotea. Akapanda miche michache nyumbani. Mwaka 1975 polisi wakaiona, wakamkamata.

Wengi wangelipa faini wakanyamaza. Randall alikwenda kupimwa na madaktari, wakathibitisha kwamba presha ya macho yake hushuka kwa bangi na haishuki vya kutosha kwa dawa zilizokuwepo. Akasimama mbele ya hakimu akasema: nilivunja sheria kwa sababu kutoivunja kungenipofusha. Na mwaka 1976 hakimu James Washington akamwachia huru kwa hoja hiyo.

Hoja hiyo kwa Kiswahili ina jina, na si geni kwetu hata kidogo. Ni dharura. Mimi nimefundishwa chuo cha Kurani, nikiwa mdogo kuliko binti yangu, kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, na kwamba huhalalisha kwa kadiri ya haja tu, bila kuzidi. Nyamafu ni haramu, lakini mtu anayekufa kwa njaa anakula kiasi cha kumfikisha kesho. Nilipoisoma kesi ya Randall nilihisi kama namsikia maalimu wetu. Kwa hiyo msiniambie kwamba ninaloomba limetoka Ulaya na halipatani na dini au mila za watu wa pwani. Linapatana nazo tangu asili.

Baada ya hukumu ile, serikali ya Marekani yenyewe ikaanza kumpa Randall bangi, iliyolimwa katika shamba la serikali kwenye Chuo Kikuu cha Mississippi, ikisokotwa na kutiwa kwenye makopo ya bati, kama 300 kwa kopo. Walipojaribu kumkatia, mwaka 1978 akawashtaki tena wakamrudishia. Angeweza kutosheka na kopo lake. Hakutosheka. Yeye na mkewe Alice O'Leary walitumia miaka wakiwasaidia wagonjwa wengine, wa saratani na wa UKIMWI, kujaza fomu za kuingia katika mpango ule, hadi serikali ilipoufunga kwa wagonjwa wapya mwaka 1992 baada ya maombi kuwa mengi. Randall alifariki 2001, akiwa na miaka 53. Alikufa anaona.

Siombi bangi ivutwe, wala binti yangu hatavuta chochote. Ninamtaja Randall kwa sababu ya ile siku moja ambapo hakimu mmoja alikubali kumtazama mgonjwa kabla ya kuutazama mmea.

Hapa kwetu pia wamekuwepo watu. Februari 2017 Gwada Ogot alipeleka ombi Seneti akitaka sheria ya bangi ibadilishwe. Mwaka uliofuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra, akaanza kuandaa mswada wa kuacha kuwafunga watu kwa bangi na kufungua njia ya tiba na utafiti. Alikuwa na saratani ya utumbo mpana, akawaeleza Wakenya wazi kwamba haitapona. Alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 41. Mswada ule haujawahi kuwa sheria. Mungu amlaze pema. Kisha ukaja uchaguzi wa 2022, na Profesa Wajackoyah, mgombea urais, akaifanya bangi kuwa wimbo wa kampeni. Watu wakacheka, wakacheza, wakampa kura elfu sitini na kitu. Simlaumu, kila mtu na njia yake. Ila tangu siku zile, nikilitaja neno bangi mbele ya mtu mwenye cheo, kwanza ananicheka. Nilikwenda kwa kiongozi mmoja hapa Malindi na daftari langu. Aliniuliza kama nataka kulima. Nilimwonyesha ukurasa wa Ramadhani. Akatazama simu yake.

Tarehe 2 Desemba 2020, kule Vienna, Tume ya Umoja wa Mataifa ya Madawa ya Kulevya ilipiga kura juu ya kuitoa bangi katika lile kundi la dawa zinazohesabiwa hatari mno na zisizo na faida ya maana kwa tiba. Nchi 27 zilikubali, 25 zikakataa, moja haikupiga. Kenya ilikuwa miongoni mwa 25. Afrika Kusini na Moroko zilikubali. Lesotho ilikuwa imeshatoa leseni za bangi ya tiba tangu 2017, Zimbabwe 2018, na Malawi ikapitisha sheria yake mwaka huo huo wa 2020. Mimi ni mwananchi wa kawaida, sikuulizwa. Kama ningeulizwa ningewaomba wajumbe wetu waje Shela walale usiku mmoja tu kwenye mkeka huu ndipo wainue mkono.

Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba hamhitaji kubomoa ukuta. Sheria yenyewe ya 1994 inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na dawa ya kulevya kwa ajili ya tiba, kwa leseni au kwa cheti cha daktari. Ndiyo sababu mofini ipo hospitalini. Jirani yangu aliyefariki kwa saratani ya kizazi alipewa mofini ya maji aende nayo nyumbani, chupa mkononi, jina lake limeandikwa juu. Polisi hakumgusa. Alikufa bila kupiga mayowe, na wanawe wanalikumbuka hilo kuliko jambo lingine lolote. Mofini hutoka kwenye mmea wa afyuni, ule ule unaozaa heroini iliyokaribia kummaliza kaka yangu. Mliweza kutenganisha dawa na sumu katika mmea ule. Kwa nini mshindwe katika huu?

Nawasikia wazazi wenzangu wa Majengo, Maweni na Muyeye, maana tumeshabishana kwenye harusi na matanga. Wanasema vijana wameshaharibika, ukitaja bangi hospitalini unaibariki kijiweni. Sifanyi mzaha na hofu yao. Nimewaona watoto waliovuta tangu darasa la saba wakaanza kusikia sauti zisizokuwepo, na ninaye binamu ambaye hajarudi sawa. Bangi ya kijiweni ibaki ilipo, na anayewauzia watoto ashikwe. Lakini kaka yangu hakuanza unga kwa sababu jirani alipewa mofini. Na tangu methadoni ije, sijamsikia mtoto hata mmoja aliyesema, «Nami niende nikanyweshwe.» Watoto wa mtaa wetu wanajua ile ni dawa ya watu wagonjwa. Wanajua kwa sababu inatolewa kama dawa, kwa daftari, kwa kipimo, mbele ya muuguzi.

Basi naomba hivi. Bodi ya Famasia na Sumu itazame dawa za kanabidioli zilizokwisha pimwa na kuidhinishwa kwingine, na itangaze hadharani njia ya kuzisajili au kuziagiza kwa mgonjwa mmoja mmoja pale daktari bingwa wa mishipa ya fahamu au wa watoto anapothibitisha kwamba dawa za kawaida zimeshindwa. Waziri atunge kanuni zitakazosema wazi kwamba mzazi mwenye cheti hicho si mhalifu, awe uwanja wa ndege au kituo cha mabasi cha Malindi. Bunge liufufue mjadala ambao Okoth aliuacha, angalau ile sehemu ya wagonjwa, ikitenganishwa na hizo nyingine zinazowagombanisha. Na msiishie kuruhusu tu. Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani ilitajwa bei ya takriban dola 32,500 kwa mwaka. Mimi nauza mahamri. Ruhusa ambayo ni tajiri peke yake awezaye kuitumia, kwangu ni mlango uliochorwa ukutani. Methadoni kaka yangu hakuinunua. Kuna watu walikaa mezani wakapanga fedha zitatoka wapi kwa sababu walikwishaamua kwamba mateja wa Malindi ni binadamu.

Kilifi inaweza kuwa mahali pa kuanzia. Watafiti wa kifafa wapo hapa. Wauguzi wanaojua kutunza dawa iliyofungiwa kwa kufuli wapo hapa, na mikono yao imezoea. Familia zenye madaftari kama langu zipo, ninazifahamu tano katika kata mbili tu, na hakuna hata moja iliyokataa nilipouliza kama wangekubali watoto wao wafuatiliwe na madaktari chini ya utafiti halali.

Muadhini ameanza. Nimesimama kidogo kuandika, kwa sababu saa kumi na dakika 48 alinikaza kidole, macho yakapanda. Dakika 2 na nusu. Nimemgeuza ubavu, nimempangusa kwa leso, sasa amelala tena. Ni ya kwanza leo.

Daftari la tatu limebakiza kurasa 9. Mkiniita Nairobi nitapanda basi la usiku nije nayo yote matatu, na kaka yangu amesema atanisindikiza.

Mama wa mtoto mwenye kifafa,
Shela, Malindi